Chupa Uliyompa Mwalimu

Baba mpendwa,

Chamge, salamu kwako wewe na Mama. Goti lako bado linakusumbua ukipanda kutoka mtoni? Mimi mwili hauna neno, ila moyo haujatulia tangu nipate barua ya dada Chebet. Anasema ugonjwa wa miguu na midomo umeingia kwetu, ng'ombe wa jirani Arap Rono hasimami, na ndama wa Mama alianguka akinyonya, akafa.

Ile chupa ya chanjo uliyompa Mwalimu Langat aniletee alipokuja kusoma huku ilinifanya nijivune. Watu walikuwa wananong'ona kwamba serikali inachoma ng'ombe maji matupu, na kupima chanjo ndiyo kazi yangu huku Uingereza. Tunaiweka juu ya maji ya sukari, mashine inazungusha kwa kasi, virusi vizima vinazama, vilivyovunjika vinabaki juu. Vizima tu ndivyo vinamkinga ng'ombe. Kisha mwanga unapita, kalamu inachora. Chanjo nzuri huchora kilima. Yenu ilichora mstari tu, hakuna mwinuko. Siku hiyo hiyo nikakuandikia: imeharibika, msikubali ng'ombe wachomwe.

Juzi mwenzangu wa maabara akaniuliza chupa ilisafiri vipi. Sikujua. Nikampigia Mwalimu simu chuoni kwake.

"Wacha wasiwasi," akasema. "Niliifunga na sweta isivunjike. Hata Nairobi niliiweka kando ya jiko, baridi isiishike."

Baba, chanjo hiyo ikipata joto inavunjika. Mashine haikudanganya, ilipima chupa iliyokaa kando ya jiko. Zile zilizobaki kwa friji ya daktari wa mifugo sikuzipima, na bado nilizikataza. Haraka haraka haina baraka, ulinifundisha wewe, nikasahau nilipovaa koti jeupe.

Chebet anasema watu wanakulaumu pale kwa dip ya kuogeshea ng'ombe, kwamba uliwazuia kuchanja, na wewe unawajibu, "Kijana alipima sawa. Ni mimi nilisoma barua vibaya." Nililia niliposoma hapo, na wazungu wakiniangalia.

Mpe Mama pole ya ndama. Nisalimie Nyanya, ambaye atasema masomo mengi yameniharibu. Mwache aseme, leo ana haki. Arap Rono nitamwandikia mwenyewe.

Mkikutana tena kwa dip, wasomee barua hii yote, kwa sauti, kama ulivyowasomea ile ya kwanza. Ile uliisoma sawasawa.

Mwanao,
Kiprotich