Plaiwudi kwenye Benchi Lako

Baba,

Nimenunua gitaa. Nimeanza na hilo ili usidhani nimekuja kuomba ruhusa.

Mzee wa kanisa aliposikia, alinisimamisha langoni baada ya ibada. "Mwalimu, na umri huo? Baba yako angesema nini?" Najua ungesema nini. Ulilisema nikiwa na miaka kumi na minne, uliponikuta na gitaa nililoazimwa na mwalimu wa muziki. Ulilibeba mwenyewe kwa miguu kutoka nyumbani Nunguni hadi shuleni, ukalirudisha mbele ya darasa zima: "Binti yangu hatawapigia walevi." Sikulia. Nilihesabu mbao za dari mpaka ukaondoka. Baadaye nikasoma fizikia, nikaifundisha, na kwa miaka yote hiyo nimewaeleza watoto wa watu jinsi uzi unavyotoa sauti, bila mimi kuugusa uzi wenyewe.

Nilitaka gitaa la bei nafuu, kwa kuwa mwanafunzi hana haki ya chombo cha fundi. Lakini nafuu si ovyo. Katika duka moja mjini Wote, muuzaji alinisukumia jekundu. "Chukua hii, madam, rangi inawaka!" Nililiinua hadi usawa wa uso, nikafumba jicho la kushoto, nikaitazama shingo kutoka mwanzo hadi mwisho, kama ulivyoutazama kila ubao ulioletewa karakanani. Mpindo mdogo sana unaruhusiwa, maana uzi unaotikisika unahitaji nafasi. Msokoto hauruhusiwi, na ile ilikuwa imejisokota. Kabla sijafikiri, nikaliambia maneno yako: "Wewe rudi msituni."

Muuzaji alicheka mpaka akakaa. "Ni nani alikufunza kununua hivyo?"

Nikamrudishia jekundu lake, Baba, nikaomba jingine.

La pili lilinyooka, ila vyuma vinavyokatiza shingo vilikuwa na ncha zinazochana kidole. La tatu lilinyooka, vyuma vyake vilikuwa laini, na kila uzi ulibaki kwenye sauti yake nilipoukaza na kungoja. Kifua chake, yaani uso wa mbele, ni cha plaiwudi, mbao nyembamba zilizogundishwa pamoja. Hapa ungegeuka ukaenda zako. "Plaiwudi ni karatasi yenye kiburi," ulikuwa ukisema. Sikubaliani nawe. Ubao mzima una sauti nzuri zaidi, hilo nakupa; lakini katika ukavu wa kiangazi, kwa mtu ambaye bado hajui kulitunza gitaa, ubao huo hupasuka. Plaiwudi huvumilia. Ulikosea kuhusu plaiwudi, na ulikosea kuhusu gitaa. Kuhusu jicho hukukosea.

Kasoro ilibaki moja: nyuzi zilikaa juu mno. "Vidole vitazoea, madam," akasema muuzaji. Hiyo si hoja. Anayeanza akiumia sana huacha, kisha hujilaumu mwenyewe, na mimi najua kuachishwa kunavyokaa mwilini. Nikalinunua, nikaja nalo nyumbani, nikamwomba Mama ufunguo wa karakana yako.

Haijafunguliwa tangu tukuzike. Randa yako iko ulipoiacha. Koti lako pia.

Kisha nikafanya kazi. Nilikichomoa kile kipande cha plastiki kinachoinua nyuzi, nikakisugua upande wa chini kwa msasa wako, juu ya benchi lako: kidogo, napima, kidogo tena, napima, kama ulivyonifunza kusawazisha mguu wa kiti. Nyuzi zikashuka. Hazigongi chuma.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini. "Baba yako akikuona!" akasema, kama vile umeenda tu sokoni. Nilijiandaa kumjibu. Nilikuwa na majibu ya miaka mingi. Yeye akalitazama gitaa, akauliza, "Lakini limenyooka?"

"Limenyooka, Mama."

"Basi piga."

Nikapiga. Vibaya, Baba, vibaya sana. Najua mipangilio mitatu ya vidole, na kati ya mmoja na mwingine mtu anaweza kumaliza chai.

Pumzika sasa, nami naacha kubishana nawe, kwa leo. Siku ya kukukumbuka, ukoo ukikusanyika na mzee wa kanisa akiwa ameketi mbele, nitalitoa karakanani na kupiga wimbo mmoja, wote, hadi mwisho. Gitaa linakaa kwenye benchi lako. Safari hii hakuna wa kulirudisha.

Binti yako