Nyumba Iliyoshuka Kilimani

Kakuma, Jumapili mchana

Kwako dada yangu wa tumbo moja, Saru,

Nakusalimu kwa salamu za kwetu, kisha kwa za huku, ejok, ambazo mtu huitikia vilevile, ejok, mara tatu au nne mpaka aridhike kwamba kweli u mzima. Nami nauliza hivyo hivyo, bila kuchoka: mgongo wa Mama umepoa? Kikohozi cha Baba je? Wanao wanakwenda shule? Na wewe mwenyewe, bado unabeba kuni kama punda wa kukodi? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia. Nitakueleza yote, ila ukimsomea Mama barua hii, yaruke yale ya mafuriko.

Wacha nianze na raha yangu, maana ni kubwa na nikiinyamazia nitapasuka. Ewoi, yule uliyemwita mlingoti siku alipoinama kupita mlango wetu pale Mwatate, ni mume kupita nilivyoota nikiwa shule. Asubuhi ananipikia chai mwenyewe. Wanaume wa hapa wanamcheka, naye anacheka nao, na kesho yake anapika tena. Jioni joto likipungua tunatandika mkeka nje, ananisimulia historia aliyosoma chuoni na anayofundisha shuleni. Wenzangu waliimbiwa nyimbo za mapenzi, dada. Mimi nilisimuliwa Roma. Nimewajua mapacha walionyonyeshwa na mbwa mwitu jike, na jinsi mmoja alivyomuua ndugu yake kwa kosa la kuruka ukuta wa mji mpya. Nimemjua mfalme Numa, aliyekuwa akienda chemchemini kwa siri kuonana na mkewe asiye binadamu, ampe shauri la kutawala. Ewoi husema mimi ndiye chemchemi yake. Usicheke.

Sasa sikia. Huku nyumba hujengwa na mke. Sisi tulipanga kuezeka mabati, lakini mama mkwe alisema mabati yangoje, nyumba ya kwanza ya bibi arusi ifungwe kwa mikono yake. Akanifundisha kupinda fito, kuzifunga kwa kamba, kuezeka majani ya mkoma. Mikono ilichubuka nikashindwa kushika hata sindano, lakini ilipokamilika, ya mviringo kama kikapu kilichofunikwa, niliizunguka nikiipapasa kama mtoto. Mahali nilipachagua mimi, kwenye kilima kidogo karibu na tangi la maji ya mtaa. Nilitaka upepo. Tena chini, penye nyumba za wengine, inapita laga, mto wa mchanga usio na maji mwaka karibu mzima, ila mvua ikinyesha milimani hujaa kwa ghafla na kubeba kila kitu. Mama mkwe aliniangalia, akasema tu, "Mwenye nyumba ni wewe."

Haukupita muda watu wakamchagua Ewoi kuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Nilijivuna, siwezi kukuficha. Kisha pampu ikaharibika, akaenda Lodwar kutafuta kipuri. Alilala kwa kaka yake, mtaa wa Kanamkemer, kila siku akizunguka maofisini, anaambiwa rudi kesho. Tangi likapungua, foleni ikawa ndefu, na maneno yakaanza. Kwamba mwenyekiti amemweka mkewe ubavuni mwa tangi ili anywe kwanza. Kwamba nyumba yake inawatazama watu kutoka juu. Kwamba makamu wake amehamia Lokiriama na mifugo, na Ewoi hataki mwingine achaguliwe, anataka kukaa peke yake. Maskini, hata nafasi ya kuitisha mkutano hakuwa nayo.

Siku moja nilishuka bombani na mtungi wangu. Mama Lokol, jirani anayeishi ukingoni mwa laga, alisogea pembeni kwa heshima nyingi mno.

"Mpisheni malkia, jameni. Leo ameshuka kwa raia."

Wakacheka wote. Nami nikacheka, nikatega mtungi wangu. Kijana mmoja akaongeza kwamba wakilikata bomba la tangi, tutaona kama huko juu pia watu husikia kiu. Huyo hakucheka. Tangu hapo kila jiwe lililogonga kitu huko nje lilinishtua, na nikiona vijana wawili wamesimama pamoja, nilidhani wanapanga kumngoja mume wangu barabarani.

Ewoi alirudi na kipuri, amekonda, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamweleza. Badala ya kukasirika akanisimulia habari ya Valerio. Waroma walipomfukuza mfalme wao wa mwisho, Tarkwini mwenye kiburi, waliapa hawatatawaliwa na mfalme tena. Wakaweka viongozi wawili wa mwaka mmoja mmoja, ili kila mmoja amchunge mwenzake. Valerio alikuwa mmoja wao. Mwenzake akafa vitani, naye akachelewa kuitisha uchaguzi wa mwingine. Na wakati huohuo alikuwa akijijengea nyumba juu ya kilima kinachotazama mji. Watu wakanong'ona kwamba huyu anautaka ufalme. Valerio aliposikia, aliita mkutano, akaamuru fimbo za mamlaka ziinamishwe mbele ya wananchi, na nyumba akaibomoa usiku uleule. Akajenga chini kabisa ya kilima, mahali ambapo kila mtu angeweza kumtazama yeye kutoka juu.

Alisimulia vizuri mno hata nikasahau hofu. Kisha akasema, "Kesho naibomoa."

Nililia, dada. Nililia kwa sababu ya nyumba, na kwa sababu ya laga, na zaidi kwa sababu chemchemi yake hakuiuliza kitu. Mama mkwe alitusikia akaingia akiinama.

"Unabomoa nyumba ya nani?" akamwuliza mwanawe. "Wewe ulifunga hata kijiti moja? Huyo mtu yako wa zamani alibomoa yake. Hii ni ya huyu. Kama ni kuhama, yeye atasema."

Ewoi akainama na kuniomba radhi mbele ya mama yake. Basi ikawa juu yangu. Kubaki juu, mume wangu achukiwe na labda adhuriwe. Au kushuka, tulale mlangoni mwa mafuriko. Siku mbili sikula vizuri. Mwishowe nilimfuata Mama Lokol kwake, nimwombe azungumze na wale vijana. Hakunikaribisha kuketi. Alinionyesha mahali jiko lake lilipokuwa kabla mvua iliyopita haijalichukua, pamoja na mbuzi watatu waliofungwa.

"Huko kwako unaona laga kama picha," alisema. "Hapa inabisha hodi. Mwenyekiti ataijuaje?"

Nilirudi nikamwambia mama mkwe kwamba nimekata shauri tushuke, nikaanza kulia upya. Akanishangaa. Yeye amehamisha nyumba mara nyingi hata hazikumbuki; kwake nyumba ni kitu kinachofunguliwa, kinapakiwa juu ya punda, kinafungwa tena. Aliniuliza kama kwetu watu huzikwa pamoja na nyumba zao. Kesho yake Ewoi akiwa shuleni tulifungua kamba zote, tukaifunga upya chini karibu na laga, mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama. Jioni alipotoka kazini alipanda kilimani, akasimama peke yake kama amepotea, mpaka nilipomwita kutoka chini. Alishuka mbio, dada, mwalimu mzima na viatu vyake mkononi.

Kwenye mkutano wa maji alilaza fimbo yake mchangani, akataka makamu achaguliwe palepale. Wakamchagua Mama Lokol. Kisha wakakubaliana kwamba kabla ya jambo lingine lolote, kuchimbwe mtaro wa kuelekeza maji ya laga mbali na nyumba. Wameanza. Haujafika hata nusu.

Ndipo tulipo sasa. Mama Lokol alikuja jana na jembe lake, hakunisalimu, akaanza kuchimba kamfereji kuizunguka nyumba yangu. Nilichukua langu nikachimba upande wa pili. Watu wanatusalimu njiani. Lakini kila saa natoka kutazama mbingu za upande wa Uganda, iliko ile milima, na tangu asubuhi kuna wingu. Niambie ukweli, Saru, nimefanya upumbavu? Ungekuwa wewe ungebaki juu?

Nisalimie Baba na Mama, na shemeji yangu mpole anayekuvumilia. Msalimie shangazi aliyenifunga leso siku ya arusi, na mwalimu wangu wa kwaya, na wanao nawabusu mashavu yote. Mama mkwe anawasalimu, anasema mje muone mbuzi. Waliobaki ni mifupa, malisho yamekwisha kabisa. Kwa hiyo mkisali kanisani, tuombeeni mvua, tunaihitaji sana. Ila mwombeni Mungu ailete polepole.

Ni mimi mdogo wako, mke wa mlingoti,
Wakesho