Kiingereza Changu Kinafukuza Wateja

Morogoro, Jumapili, 7 Machi 1999. Asubuhi manyunyu, Uluguru haionekani kwa ukungu.

Mpendwa Bi. Yustina, shikamoo. Nimekwama, nakuomba uninusuru kabla shangazi hajanipandisha gari la Dakawa.

Nina miaka ishirini na mbili, nilimaliza kidato cha nne mwaka 1995, naishi Mwembesongo kwa shangazi yangu Mwamvita na namsaidia kuuza viungo sokoni, mdalasini na pilipili manga kutoka kwetu Kinole. Oktoba iliyopita nilisikia kwamba hoteli moja ya mjini, iliyokuwa ya serikali, imepata wenyewe wapya na watataka watu wa mapokezi wanaosema Kiingereza, na mimi Kiingereza kukiandika naweza lakini kikitakiwa mdomoni kinakauka, basi nikaanza kwenda kwa jirani yetu Mzee Mwinjuma, mstaafu wa kiwandani mwenye televisheni, kila Jumanne na Alhamisi jioni, kutazama mchezo wa Kizungu wa familia ya matajiri wanaodhulumiana, na kila asemalo mama mwenye nyumba ile nalinakili kwenye daftari pamoja na tarehe, asubuhi nalirudia nikichambua mdalasini, kwa sauti yake, kwa shingo yake, hata mkono kiunoni kama yeye. Sasa nina sentensi 212. Mzee Mwinjuma, ambaye Kiingereza alikipata kwa mafundi wa kigeni, alisema, "Mwanangu, nikifumba macho sijui yupi yumo kwenye kioo na yupi yuko kwenye mkeka."

Nikaomba kazi, nikaitwa kwenye usaili tarehe 14 Aprili.

Alhamisi iliyopita mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, alisimama kwenye meza yetu, akashika mdalasini, akauliza kama ni mpya, nami nikafurahi kwamba nimemwelewa, nikafungua mdomo nimjibu, likatoka lile la asubuhi: "Usithubutu kunitilia shaka tena!" Kwa Kiingereza safi kabisa, mkono kiunoni. Aliurudisha mdalasini taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mbwa, akaondoka.

Fransisko muuza nyanya akapiga makofi. "Dada umetisha! Umemfukuza kwa lugha yake mwenyewe!"

Shangazi akaniuliza, "Umemwambiaje yule mama?" Nikamfasiria.

"Ala! Mteja akiuliza anafokewa? Huyo mama yako wa kwenye kioo ana meza sokoni? Mwisho wa mwezi unakwenda kwa mjomba wako Dakawa kuamia mpunga. Huko ukagombane na ndege."

Jana nimelipitia daftari lote. Kuna za kutishia, za kutoa talaka, za kupelekana mahakamani. Zisizo na ugomvi ni tisa, na tatu kati ya hizo ni za kumuaga maiti. Je, nimtii shangazi niiache hoteli, au niende? Naogopa nikibanwa nitamwamuru meneja atoke ofisini kwake.

Mwanaheri, Mwembesongo

Nimeongeza Jumatatu kabla ya kwenda posta: jana, kwa mawazo, usingizi ulinipata saa saba na dakika kumi usiku.

MAJIBU

Marahaba, Mwanaheri. Nimecheka, nisamehe, kisha nikakasirika kwa niaba ya shangazi yako. Mtu anakuuliza habari ya mdalasini unampa hasira za mwanamke aliyeibiwa mume! Ulikariri maneno bila kujiuliza anayeyasema ni nani na anamwambia nani. Kwa Kiswahili usingefanya hivyo hata ungekuwa na homa.

Lakini sikiliza. Ulimwelewa yule mama, na ukamjibu hapo hapo bila kigugumizi. Miezi mitano iliyopita mdomo wako ulikuwa mkavu. Usiidharau kazi hiyo, na televisheni usiiache. Badilisha mtu wa kumwiga.

Katika jumba lile la matajiri, nani hufungua mlango? Nani hupokea simu? Nani huwaambia wageni wakae, bwana anakuja sasa hivi? Yupo, humtazami kwa sababu hana hereni ndefu. Huyo ndiye mwalimu wako, na kazi yake ndiyo unayoiomba. Jumanne mnakili yeye, neno kwa neno, na namna anavyoinamisha kichwa.

Kisha mwombe Mzee Mwinjuma awe mgeni wa hoteli. Aingie mlangoni kwake mwenyewe, aulize chumba, alalamike kwamba maji hayatoki, abadilishe maswali kila siku usijue litakalokuja. Hapo utajifunza kujibu ulichoulizwa, maana kioo hakijakuuliza kitu hata siku moja.

Na leo, kabla ya yote, mwendee shangazi. Usimletee maelezo. Sema, "Shangazi, nimekosa, nimekufukuzia mteja," unyamaze. Akimaliza kufoka, mwombe akuache sokoni hadi tarehe 14, na kila mgeni anayepita umhudumie wewe, shangazi akikuangalia. Akiona mmoja amecheka na kununua, habari ya Dakawa atakuwa wa kwanza kuisahau. Asipokubali, mwonyeshe gazeti hili. Mwambie Yustina naye ni shangazi wa watu na anamsihi.

Siku ya usaili fika nusu saa kabla. Usipoelewa swali, omba lirudiwe, kwa upole. Meneja hatakufukuza kwa hilo. Mikono yako yote miwili iweke mapajani, mwanangu, na uende.