Pale Mwimbaji Anapovuta Pumzi

Mpwa wangu Kibwana,

Nilitaka kuanza kama tulivyozoea, natumaini hujambo, kalamu ikagoma kwenye hilo neno. Basi tuliache. Huku tupo. Mama yako yupo, macho yake ndiyo yale, anajua kuna mtu mlangoni lakini hajui ni nani mpaka aseme. Mananasi ya Kiwangwa msimu huu yamejaa hadi yanaozea shambani. Mimi mjomba wako nimekonda, na anayenijua anajua sijapata kukonda tangu nizaliwe. Hata ule mwaka wa ukame, watu wa Fukayosi walipokuwa wanakaza mikanda, mimi nilinunua mkanda mrefu zaidi.

Barua hii nakuandikia wazi, asome atakaye. Sababu ninayo, nitaifikia.

Kwanza niseme lililo langu, najua ungesema mjomba keshaanza. Gitaa lako la kwanza nililitengeneza mimi. Galoni la mafuta ya kula, kipande cha ubao, waya wa breki ya baiskeli. Nimewaambia watu kila mahali kwamba gitaa lile lilisikika mpaka Chalinze, madereva wa malori wakashuka kuuliza harusi iko wapi. Ulipokuwa mtu mzima ukanisahihisha mbele ya wageni, kwa upole wako ule.

“Mjomba, lile gitaa lilikuwa na uzi mmoja.”

Nikasema ndiyo, uzi mmoja, hapo ndipo mjue mwalimu wake alikuwa mtu wa namna gani. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mjomba na mpwa wana ruhusa ya kutaniana, na wewe ruhusa yako uliitumia yote.

Nimewaambia pia kwamba niliwahi kupiga gitaa la ridhimu katika bendi ya jazi pale Chalinze miaka mitatu. Kwa kuwa leo nasema kweli, ilikuwa wiki mbili, na wiki ya pili nilibeba spika.

Wewe ulikwenda Dar na hukukaa katika bendi yoyote, ukawa wa bendi zote. Deiwaka, mwenyewe ulijiita hivyo, kama dereva anayeshika usukani siku mwenye gari anapougua. Mpiga solo kagombana na kiongozi wake, anaitwa Kibwana. Mwimbaji wa taarabu anataka gitaa lilie kidogo huko nyuma, Kibwana. Kwaya inarekodi nyimbo za kanisani, anaitwa Kibwana, Muislamu mwenye tasbihi mfukoni, anapiga, anaaga vizuri, anakwenda kuswali. Tangazo la sabuni, Kibwana. Mwisho wa wiki unakuja huku kwetu kwenye hoteli za ufukweni Bagamoyo, unawapigia wageni ile jazi yao isiyo na maneno, na mimi nakaa nje ukutani nawaambia walinzi kwamba yule anayepiga gitaa ni damu yangu. Nilikuuliza umekwisha piga nyimbo ngapi. Ukaniuliza kama kinyozi wangu anahesabu vichwa.

Na jina lako halikuandikwa popote. Kwenye majalada aliandikwa mwimbaji, akaandikwa mtunzi, akaandikwa mwenye studio, hata aliyepiga picha aliandikwa. Mimi niliwaka. Wewe ukasema hiyo ndiyo kazi yenyewe, mjomba, fundi akimaliza nyumba hakai sebuleni.

Siku moja ulinichukua nikuone kazini. Studio ilikuwa chumba cha uani, trei za mayai zimebandikwa ukutani kutoka chini hadi darini. Nilidhani wanafuga kuku. Ukavaa visikizio, ukainamisha kichwa, na kabla hujagusa uzi mimi nikaanza kumweleza fundi mitambo habari za galoni na waya wa breki. Akarudisha mwanzo. Nikakumbuka jambo lingine, nikasema. Akarudisha tena. Mara ya tatu akanitolea kiti nje kwa adabu, akafunga mlango. Nilikaa pale mpaka adhuhuri. Chumba kile kilizibwa vizuri, haikutoka hata sauti moja. Nilirudi Kiwangwa nikasimulia baraza zima ulivyopiga siku ile, mpaka fundi mitambo akalia machozi.

Njiani tukitoka pale ndipo ulipoinamia sikio langu ukaniambia neno ambalo nililisikia bila kulisikiliza.

“Mjomba, ukitaka kunijua kwenye wimbo, ngoja pale mwimbaji anapovuta pumzi. Mimi huingia pale. Deiwaka hapigi juu ya mtu.”

Nikakujibu kwa kukusimulia habari nyingine yangu.

Sasa nifikie sababu. Miaka yote hiyo, redio ikilia popote, kwenye kibanda cha mananasi, kwa kinyozi, kwenye msiba wa watu wengine, mimi nilinyoosha kidole nikasema huyo ni mpwa wangu. Sikujua, Kibwana. Sikuwahi kujua hata wimbo mmoja. Niliona watu wanageuka kuniangalia, nikaona utamu. Siku ile kibandani muuza mananasi aliponicheka, kwamba wimbo ninaousifia umepigwa Kongo kabla hujazaliwa, ulikuwa umesimama hapo hapo na mfuko wako wa gitaa begani. Ukamwamkia yule mzee shikamoo, ukamwambia wimbo ule ulirudiwa Dar baadaye, mjomba hakosei. Ulinisitiri mbele za watu. Tulipofika mbali ukasema tu kwamba siku nyingine nichague wimbo mpya kidogo.

Kisha figo zikakuchukua, upesi kuliko tulivyoweza kukusanya nauli ya kwenda kukutazama mara ya pili. Tukakuzika Kiwangwa baada ya alasiri. Walikuja wanamuziki wengi, wamevaa kanzu za kuazima, kila mmoja akanishika mkono akasema amepiga na wewe. Sikumuuliza hata mmoja ni wimbo gani. Siku ile ningepata hata nyimbo ishirini. Nilikuwa nawasimulia habari ya galoni.

Unajua msiba wetu, redio haifunguliwi nyumbani. Siku arobaini nyumba ya mama yako ilikuwa kimya, inasikika mifagio na watu wanaosoma. Tulipomaliza kisomo cha arobaini na wageni kutawanyika, dada yangu akaniita nikakae naye kwenye mkeka. Akasema sasa nifungulie redio.

“Kaburi silioni, mdogo wangu. Picha sizioni. Masikio ninayo. Wewe unamjua, niambie akiingia.”

Nikafungua. Ukaja wimbo wa kwanza, nikasema huyo. Ukaja wa pili, nikasema na huyo pia. Alikuwa anaweka kiganja juu ya redio, pale kwenye matundu ya sauti, kama anampima mtoto homa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilijisikia mtu mwema kabisa, nikaona uongo wangu wa miaka yote ulikuwa unangoja kazi hii. Nikaanza kuongeza. Hapa alipiga akiwa na mafua. Hapa alipiga amesimama kwa mguu mmoja.

Siku ya nne ukaja wimbo wa vijana, nikasema huyo, sikiliza anavyocharaza. Dada akatoa kiganja kwenye redio.

“Hapo hakuna gitaa, mdogo wangu. Hicho ni kinanda.”

Akanyanyuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani. Tangu siku ile redio haijafunguliwa, na hakuna msiba tena wa kuifungia. Ananisalimu, ananikaribisha chakula, ananiuliza habari za shamba. Habari zako haniulizi. Ningetukanwa ningejua pa kushika.

Nikaenda Dar kuutafuta wimbo mmoja tu ulio wako kwa hakika. Ile studio ya trei za mayai sasa wanauza mabati, trei mbili bado ziko ukutani. Studio nyingine nikamkuta kijana mpole, akanitolea kiti, safari hii ndani. Akasema kompyuta ya zamani ilikufa na vilivyokuwamo vimekufa nayo. Kiongozi wa bendi mmoja, mzee kama mimi, akafikiri kwa bidii akikuna kidevu. Akasema Kibwana alipiga nyingi, ila zipi, na zipi ni za mpiga solo wake, hata yeye hawezi kuapa, maana ulikuwa unapiga kama yule uliyemshikia nafasi anavyopiga, hiyo ndiyo ilikuwa sifa yako. Wale waliokuja na kanzu za kuazima sikuchukua namba zao za simu. Nilirudi na mkate wa kununua pale Chalinze, sikuwa na kitu kingine cha kumpelekea mama yako.

Kipo kitu kimoja, na hicho ndicho nilichokuwa nakwepa kukiandika tangu juu kule.

Idd ya mwaka juzi ulikuja na gitaa kavu, lile lisilotaka umeme. Ukakaa uani, mama yako yuko jikoni na wenzake, masufuria yanalia, akakupazia sauti kwamba upige kidogo. Mimi nikasimamisha simu yangu kwenye jagi la maji, nikarekodi. Humo nina hakika ni wewe, sina haja ya kuambiwa na mtu. Shida yake ni mimi. Nilikuwa nimekaa karibu na simu kuliko wewe, na wageni walikuwapo, nikaanza kuwasimulia. Galoni, waya wa breki, malori ya Chalinze, bendi yangu ya miaka mitatu. Nasema mwanzo hadi mwisho. Wewe uko huko nyuma, unagusagusa chini kabisa, unaninyanyua kama ulivyokuwa unawanyanyua waimbaji, unangoja nivute pumzi. Mimi sivuti. Nilimpelekea fundi simu pale mjini Bagamoyo aniondoe abaki mpwa wangu. Akasikiliza, akanirudishia, akasema mzee, mmeingia kwa tundu moja, ukimtoa huyu na yule anatoka.

Jana baada ya adhuhuri nilimpelekea mama yako hivyo hivyo. Nikamwambia hii ni yeye, dada, wallahi hii ni yeye. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaiweka sikioni. Sauti yangu ikajaa uani kwake. Akasikiliza malori yote. Akakunja uso, akajaribu kupita kando ya sauti yangu. Kisha akasema taratibu.

“Nyamaza, mdogo wangu, nimsikie mwanangu.”

Nilikuwa nimenyamaza, Kibwana. Nilikuwa nimekaa pembeni yake mkono mdomoni. Anayesema ni yule wa kwenye simu, na yule hasikii.

Karibu na mwisho kuna mahali nilipokea kikombe cha chai, nikanywa. Ukaingia. Milio saba, nimeihesabu, ule wa saba unapanda kama mtu anayeuliza kitu. Halafu mimi nikameza, nikasema, “Basi mimi ndipo nikamwambia.”

Dada akanipa simu, akasema rudisha. Kidole changu ni kinene, sijui kuirudisha pale pale, kila nikigusa inarukia mbali. Kwa hiyo kila mara inabidi anisikilize mimi kwanza, malori, bendi, wageni wanacheka, ndipo nipokee chai. Tulirudisha mpaka simu ikazima. Hakulia. Aliuliza tu kama siku ile chai ilikuwa ya moto, maana ingekuwa ya moto ningekunywa polepole. Nikasema sikumbuki. Nakumbuka. Ilikuwa imepoa.

Nanyi mtakaoisoma barua hii, wote mlioniona nikiinyooshea redio kidole, sikumjua kwenye wimbo hata mmoja. Msirudie niliyowaambia.

Mpwa wangu, naweka kalamu hapa, na maneno bado ninayo mengi, unanijua. Nimenyamaza sasa. Nimekaa nangoja hapa uani, na hakuna anayeingia.

Mjomba wako,
Kiwangwa