Kofia ya Kipara

Jumatatu, 5 Februari 1968

Nimeosha Kipara tena. Jana niliosha, leo tena. Vumbi jekundu la barabara ya Mukurweini linaingia kila mahali. Gari la kawaida unaosha nje. Hili unaosha nje na ndani, kama sufuria.

Watu wa Nyeri wamelipa jina la Kipara kwa sababu halina paa la chuma. Paa ni turubai. Linakunjwa nyuma kama blanketi, na hapo abiria wanabaki vichwa wazi. Mzee Ndiritu, mwenye hii yadi ya mbao, alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Sasa linakodishwa kwa arusi. Dereva ni Kariuki. Kazi yangu mimi ni kupanga mbao, lakini turubai linataka watu wawili, mmoja kila upande, basi Mzee akasema mimi, Wafula, niwe mtu wa turubai. Nikiitwa, naacha mbao.

Kifua kinauma. Unga wa mbao. Uji wa Wambui ndio dawa yangu. Anauzia pale langoni, juani. Mjane, mtu wa Giakanja. Leo alinijazia kikombe mpaka juu bila kuombwa. Nimewaza jambo hilo mchana kutwa.

Jumatano, 7 Februari

Wambui amekuja kazini ndani ya Kipara.

Kila siku anatembea kutoka Giakanja na debe la uji mgongoni. Leo Kariuki alikuwa akitoka huko, akamkuta njiani. Aliketi mbele. Debe liliketi nyuma. Waliingia langoni wakicheka, kitambaa chake cha kichwa kimelegea kwa upepo, uso umewaka jua. Sijawahi kumwona hivyo. Mrembo. Na si mimi niliyemfanya hivyo. Ni upepo wa gari la watu, na dereva wa watu.

Wapasuaji wa mbao walipiga miluzi. Kariuki alipiga honi kuwajibu.

Uji leo ulikuwa na chumvi. Labda ni mdomo wangu.

Jumapili, 11 Februari

Sikwenda kanisani. Nimefua shati.

Nina miaka thelathini na minne. Sina mke. Kwetu Kimilili kuna mlima pia, lakini mlima wetu hauna theluji na hauringi. Huu wa hapa unajifunika mawingu asubuhi yote, halafu unatokea ghafla ili watu waseme, tazama. Kariuki ni mtoto wa mlima huu. Huvaa miwani nyeusi na shati la kola. Mimi nilifika darasa la nne. Nilichowahi kuendesha ni trekta, shambani Kitale, na trekta hakuna mwanamke aliyewahi kutaka kupanda.

Nilikuwa nimepanga kumwambia Wambui neno langu baada ya mvua kubwa. Niliona hakuna haraka. Mjinga.

Ijumaa, 16 Februari

Safari ya Karatina. Mzee alimtuma Kariuki kununua viazi na vitunguu vya sherehe yake. Wambui akaomba kwenda kununua unga wa wimbi sokoni. Mimi nikaenda kwa ajili ya turubai, maana kulikuwa na wingu. Nilikaa nyuma.

Sasa najua mambo ya gari hili. Wa mbele wana kioo. Upepo unapanda juu ya kioo, unawaruka, unakuja kumpiga wa nyuma usoni. Wa mbele wanapata hewa, wa nyuma anapata vumbi, wadudu na moshi wa malori. Macho yalitoka machozi njia nzima. Na husikii kitu. Naona midomo yao inakwenda. Naona bega la Wambui linatikisika kwa kicheko. Kariuki anageuza kichwa, ananitazama, anarudi mbele, bega linatikisika tena. Wananicheka mimi? Ningekuwa ndani ya gari lenye paa ningesikia, nikajua moja.

Raha ipo, sitadanganya. Unanusa kila kitu. Mikalitusi, halafu moshi wa jikoni, halafu kahawa inayooshwa mtoni. Watoto wanakimbia kando wakipiga kelele, "Kipara! Kipara!" Wazee wanakusalimu kwa mkono kama wewe ni mtu. Kwa muda mfupi nilisahau kifua changu.

Kurudi, gunia la vitunguu liliwekwa karibu nami. Kariuki akasema, kwa ile r yao inayokaa mahali pa l yangu, "Wewe Wafura, kaa na ndugu yako hapo nyuma. Nyinyi wawili kazi yenu ni kutoa watu machozi."

Wambui alicheka. Hili nililisikia, gari lilikuwa bado halijaondoka.

Jumatatu, 26 Februari

Mvua ya ghafla mchana. Kipara alikuwa njiani na kofia yake imevaliwa, turubai juu, vioo juu. Waliingia yadi taratibu. Ndani walikuwa wawili, Kariuki na Wambui. Kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi zao. Nilisimama kwenye mvua nikitazama ukungu ule.

Mvua ilipokatika Kariuki aliniita. Akasema tuache paa juu likauke, ndiyo desturi, turubai halikunjwi likiwa na maji. Nilijua. Mzungu mwenyewe alimwambia Mzee mbele yangu. Kariuki akaenda kumsindikiza Wambui mpaka njia ya Giakanja, amembebea debe. Dereva mwenye miwani, debe begani.

Nikalikunja. Peke yangu, upande huu halafu upande ule. Maji yalitiririka kwenye mikono yangu. Nikalikaza kwa mkanda na kulifunika. Sitaki kuona tena kofia ya gari hilo ikiwafunika watu wawili. Waende wazi. Kila mtu aone.

Jumanne, 27 Februari

Jua kali. Hakuna aliyeuliza habari ya turubai. Leo sikunywa uji.

Jumamosi, 2 Machi

Arusi ya Tetu. Gari wazi, jua, hawakunihitaji. Nimepanga mbao za mvule mpaka vidole havifungi.

Wambui aliniuliza kwa nini sinywi uji siku hizi. Nikasema tumbo. Akasema, "Tumbo yako imekasirikia nani?" Nikaenda zangu. Mtu mzima kama mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Arusi Mukurweini. Bwana arusi ni binamu wa Wambui, na Wambui ndiye mwimbaji wao. Kwa hiyo aliketi mbele, mapambo ya maua hadi magotini. Mimi nyuma, pamoja na shangazi mmoja mnene aliyeshika kofia yake kwa mikono miwili tangu Nyeri hadi kule.

Kwa bibi arusi njia ilikuwa imefungwa. Ndiyo desturi yao. Wanawake wa boma wanaweka migomba njiani, wanaimba, hawafungui mpaka wanawake wa upande wa bwana waimbe kuwajibu na kutoa sukari na leso. Kwa gari lenye paa, dereva anapandisha kioo na kungoja ndani. Kwa Kipara hakuna kungoja ndani. Wanawake walitujia pande zote. Mmoja alinipaka majivu shavuni. Mwingine alimvua Kariuki miwani, akaivaa yeye. Vicheko. Wambui alisimama juu ya kiti akaimba, sauti yake ikapita juu ya wote, na nilimpenda mpaka nikakasirika.

Halafu mama mmoja mwenye shuka la kijani akamtazama Kariuki asiye na miwani. Akaacha kuimba. Akasogea.

"Ati huyu si Kariuki? Si huyu ndiye bwana wa Njoki wetu?"

Kariuki akasema, "Mama, tuongee kando."

"Kando ya nini? Njoki amezaa mwezi jana, hukuja kuona mtoto. Leo ndio umekuja kuona arusi? Na huyu umembeba mbele kama picha, ni nani?"

Nyimbo zilikufa moja moja. Wote wakamtazama Wambui, amesimama pale juu ya kiti, juu kuliko kila mtu, hana pa kuingia. Aliketi polepole. Alimtazama Kariuki. Kariuki alitazama usukani. Basi hata mimi nikajua kwamba Wambui hakujua.

Nilifurahi. Naandika ukweli. Nilifurahi kwa muda wa kupumua mara moja.

Migomba iliondolewa bila wimbo. Tulimpeleka bibi arusi kanisani. Shangazi akabaki na jamaa. Wambui angebaki pia, lakini wanawake walikuwa wakimnyooshea vidole hata pale mlangoni mwa kanisa. Akaja kwenye gari. Hakuketi mbele. Aliketi nyuma, karibu nami. Mahali nilipomtaka tangu mwanzo.

Akasema, "Wafura, funika gari."

Jua lilikuwa kali, hakuna wingu hata moja. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kariuki akashika upande wake, mimi wangu. Nilipofungua mkanda, harufu ilitoka kama ya nguo za maiti. Turubai lilikuwa na madoa meusi. Tukavuta. Lilipofika katikati, ule mshono mkuu ukapasuka, tena bila kelele kubwa. Uzi ulikuwa umeoza. Nusu ya paa ilibaki mkononi mwangu.

Kariuki akasema, "Nani alikunja hii na maji?" Nilikuwa nikikunja kipande changu.

Tulipita soko la Mukurweini hivyo, wazi. Habari ilikuwa imetangulia, sijui kwa miguu gani. "Ni yule! Ni yule wa Kipara!" Wambui alijifunika leso kichwani na usoni, akainama mpaka magotini. Upepo ukaivuta leso. Akaishika. Ukaivuta tena. Nilivua koti langu nikamfunika nalo, nikalishikilia kwa mikono miwili mpaka Nyeri. Mgongo wake ulikuwa ukitetemeka chini ya mikono yangu, na safari hii haukuwa kicheko.

Mimi ndiye niliyesema waende wazi, kila mtu aone.

Jumatatu, 11 Machi

Wambui hakuja. Watu wamekunywa maji ya bomba. Wapasuaji wanasimulia habari ya arusi na kuiga sauti ya yule mama. Mmoja aliniomba niongeze yangu, kwa kuwa nilikuwepo. Nilimwambia nitampiga na ubao.

Alhamisi, 14 Machi

Bado hajaja.

Mzee Ndiritu aliona turubai. Alipiga kelele mpaka akakohoa. Alidhani ni Kariuki. Nikamwambia ni mimi, nililikunja na maji. Akanitazama sana. Akasema sitagusa gari lake tena, nirudi kwenye mbao na nikae huko. Turubai jipya litatoka Nairobi. Hili la zamani nilitupe.

Sikulitupa. Nimelianika juu ya mbao.

Kwa aibu ya arusi ile Mzee amemtoa Kariuki kwenye Kipara, sasa anaendesha lori. Leo alipita bila miwani. Hatukusalimiana. Nilidhani nitasikia utamu. Nilisikia njaa tu.

Jumapili, 17 Machi

Nilikwenda Giakanja kwa miguu. Nilimkuta akipalilia maharagwe. Hakuacha kulima. Nilisimama mwisho wa mstari nikangoja afike.

Nikamwambia habari ya turubai. Kwamba nililikunja na maji, kwa makusudi, na sababu yake. Maneno yalitoka vibaya, Kiswahili changu na chake havikukutana vizuri, lakini yalitoka.

Alifuta udongo kwenye jembe kwa kidole. Akasema, "Nilikuona. Nilikuwa nimerudi kuchukua kikombe. Nikafikiri uko na haraka ya kwenda nyumbani."

Nikasema nyumbani kwangu ni mbali.

Akasema, "Ndio maana nilishangaa." Halafu akaingia mstari mwingine. Baada ya hatua kadhaa akaniambia bila kugeuka kuwa kuna jembe la pili ukutani. Nililima mpaka jua lilipopinda. Mama yake alinipa ndizi ya kuchoma na kunitazama kama mbuzi anayepimwa.

Jumatano, 20 Machi

Mvua kubwa imeanza. Nimeshona turubai jioni kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni. Mstari haukunyooka. Utashika.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Mlima hauonekani, ni wiki sasa.

Wambui alirudi jana. Leo, kabla ya kengele ya kazi, nilichimba mashimo manne pale langoni, nikasimamisha nguzo za mabaki ya mbao, nikafunga turubai juu na kuliteremsha upande wa barabara. Alikuja na debe mgongoni, akasimama kwenye mvua akitazama. Akaingia, akatua debe, akawasha moto.

Kwenye turubai kuna kile kidirisha cha plastiki cha nyuma ya gari. Sikukikata. Kimekaa sawa na uso wa mtu aliyeketi.

Saa nne nilikwenda kunywa uji. Sisi wawili tu, wengine walikuwa wamejikinga kwenye banda la msumeno. Mvua inapiga juu yetu. Kipara akapita barabarani na kofia yake mpya. Nilimwona kwenye kidirisha. Kulikuwa na mtu mbele, karibu na dereva mpya. Sikujua ni nani.

Wambui alifuta ukungu wa kidirisha kwa kiganja, akatazama naye. Halafu akakaa.

Aliuliza kama kwetu kunanyesha hivi. Nikamwambia. Kikombe kilikuwa kimejaa mpaka juu.

Mbao zimelowa. Kesho tutazigeuza.