Mawimbi Mawili Mahali Pamoja

Machi 3

Mwanangu mpendwa,
Hujambo? Masomo yanaendaje? Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa. Mwezi wa nne sasa tangu tumzike baba yako, na bado naosha vikombe viwili.

Nina swali la kifundi, usinicheke. Katika daftari lake la mwisho ameandika: "Nimechomeka nyaya zote mbili mahali pamoja, mawimbi hayalingani. Mkono umeniacha." Kesho yake alifunga karakana ya redio, hakuifungua tena. Niambie ukweli: mkono ulimwacha?
Mama yako

Machi 11

Shikamoo Mama,
Mimi sijambo, ila baridi tu. Sikucheki, somo hilo tumefundishwa juzi. Washa osiloskopu ya Baba, ile mashine yenye kioo cha kuonyesha mawimbi, na kile kisanduku chake cha kutoa mawimbi. Weka wimbi la polepole, mara kumi kwa sekunde, uchomeke nyaya zote mbili hapo kisandukuni, kama yeye. Kwenye kioo, hesabu miraba ya wimbi zima, kisha miraba ambayo wimbi moja limelitangulia jingine. Gawanya hiyo ya pili kwa ya kwanza, zidisha kwa mia tatu na sitini. Utapata nyuzi, zile za kupimia pembe. Mahali pamoja lazima ije sifuri. Isipokuja, tazama swichi ndogo chini ya kila tundu.
Bintiyo

Machi 19

Marahaba mwanangu,
Nimevaa miwani ya baba yako, yangu haioni miraba. Wimbi zima, miraba kumi. La kushoto limetangulia mraba mmoja. Nyuzi thelathini na sita! Nilipiga kelele, jirani akaja mbio. Nikamwambia, "Si nyoka, ni hesabu."

Swichi ya kulia iko chini, ya kushoto iko juu. Ndiyo nini?
Mama yako

Machi 27

Shikamoo Mama,
Ndiyo yenyewe! Ikiwa chini, wimbi hupita lilivyo. Ikiwa juu, huchujwa, na wimbi la polepole likichujwa hutangulia. Mkono wa Baba ulikuwa mzima. Lakini swichi hizo zilikaa chini miaka yote, ndiyo maana hakuzitazama. Nani kaisogeza hiyo ya kushoto?
Bintiyo

Aprili 4

Marahaba mwanangu,
Ni mimi. Kila Jumamosi nilikuwa naipangusa mashine kwa kitambaa, kutoka chini kwenda juu. Yeye akinitania, "Mama watoto, utaing'arisha mpaka ihamie sebuleni."

Nimeishusha swichi kwa ukucha. Mawimbi yamelaliana kama uzi mmoja. Nimeyatazama mpaka chai ikapoa. Kisha, chini ya maneno yake daftarini, nikaandika: "Mkono haukukuacha. Ni kitambaa changu. Nisamehe."

Likizo njoo uichukue mashine. Vumbi nimeliacha. Na kila ukitazama swichi ya kushoto, unikumbuke.
Mama yako