Daftari la Mto

Mjomba Wekesa,

Kiwanda cha ngozi ulichokifanyia kazi ya uhasibu kina thamani ndogo kuliko vitabu vyake vinavyoonyesha. Alisema hivyo jana mjini Bungoma mkaguzi wa hesabu wa kampuni inayotaka kukinunua. Nilikuwepo. Faida ameiona, hana shaka nayo. Ila vitabu havitaji gharama ya kusafisha mto, na anayenunua kiwanda ananunua na uchafu wake.

Wewe uliitaja. Kila siku ya soko la ng'ombe Kamukuywa ulishuka kivukoni, chini ya bomba la kiwanda, ukaandika daftarini mwako ng'ombe waliokataa kunywa na akina mama waliopanda hadi chemchemi kutafuta maji safi. Ukapiga hesabu ya mabwawa ya kuchujia maji, ukaitoa kwenye faida katika vitabu vya kiwanda. Meneja akakuuliza mbele ya wote, "Wekesa, wewe ni karani wetu ama wa mto?" Ukamjibu, "Mto si hauna karani, bosi." Walicheka. Ukurasa ule akauondoa.

Daftari ukaniletea Kitale, kwenye ofisi ya gazeti ninaloandikia. Nilikuambia gazeti halichapishi neno la mtu mmoja. Kanuni ya kazi ni hiyo. Lakini sikushuka kivukoni hata mara moja.

Siku ya tatu baada ya mazishi yako, wazee waliuliza nani ana kitu cha marehemu. Mmoja alisimama akataja jembe, mwingine baiskeli. Daftari lilikuwa mkobani mwangu. Nilinyamaza. Sikulia siku hiyo, na mpaka leo sijalia. Nakula, nalala, naandika habari.

Mkaguzi anasema akipata rekodi za mto, mnunuzi atadai mabwawa yajengwe kabla ya kutia sahihi. Asipozipata, atapunguza bei tu, na maji yatabaki yalivyo. Mkeo bado anapanda chemchemini, na goti lake limevimba.

Leo asubuhi nilimwendea mkeo nyumbani Lugulu, nikaliweka daftari mezani. Aliligusa jalada, hakulifungua.

"Nililitafuta hadi chini ya godoro," akasema. Kisha akanisogezea. "Peleka."

Pumzika, Mjomba. Safari hii sitanyamaza. Nitasimama mbele ya meneja na mkaguzi, niseme nina kitu chako, nikisome ukurasa kwa ukurasa. Mkutano ni Bungoma, Alhamisi, saa nne asubuhi.